Siku Tisini za Tororo

Nimerudi juzi na vumbi la safari bado liko kwenye viatu.

Mara ya mwisho niliahidi kuandika juu ya India. Wamama wa bloku yetu, wale wanaokusanyika jioni kwa jirani mwenye sola kuangalia tamthilia za Kihindi zilizotafsiriwa Kiganda, wameniuliza mara nyingi: Mwalimu, kweli huko India watu wanaishi vile? Mama mkwe anapika chapati huku amevaa dhahabu yote ya ukoo? Nilikuwa nimeshaanza kuandika. Halafu nikatumwa Paya, mambo yakageuka. India nimeikuta Tororo, na haikuwa ile ya televisheni.

Kwa wasiopajua, Paya ni gombolola katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, karibu na Mulanda. Sisi tuliotoka Kenya mwaka 2008 hatuhitaji kuelezwa Mulanda. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tulivuka mpaka karibu watu 12,000, wengi kupitia Malaba na Busia, na Mulanda ndipo walipotuweka kwenye mahema kabla ya kutuhamishia hapa Kiryandongo. Mimi nilikuwa na miaka minane. Ninachokumbuka sana ni matope, na mama mmoja wa Paya aliyekuja na kikapu cha viazi vitamu kichwani, akauliza nani anaweza kumsaidia kupalilia. Mama yangu akanyoosha mkono. Ndivyo tulivyopata ndugu.

Siku ya kuhamishwa, mama aliogopa mvua na malori. Akachukua karatasi zote tulizokimbia nazo kutoka Turbo, akazifunga kwenye nailoni, akamwachia Mama wa Paya. Barua ya ploti, kadi yangu ya kliniki, karatasi ya hospitali inayoonyesha nilizaliwa wapi na lini, na kitambulisho cha marehemu baba. "Tutakuja kuzichukua baada ya wiki mbili," alisema. Wiki mbili hizo zimekuwa karibu miaka kumi na minane.

Desemba hii tukapata habari kwamba mzee wa Paya amefariki. Miguu ya mama haimruhusu tena kukaa kwenye basi siku nzima, kwa hivyo nikatumwa mimi kupeleka pole, sukari kilo mbili na majani ya chai. Na mama akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya, "Uulize ule mfuko. Kama panya hawajaumaliza."

Mimi mwenyewe nilikuwa na haja na ule mfuko kuliko alivyojua. Nimefika umri huu bila kitambulisho cha nchi yoyote. Nina kadi ya mkimbizi, basi. Kenya sijulikani, kwa sababu niliondoka mtoto. Uganda nimekaribishwa, ninafundisha watoto wenu Kiswahili na hesabu, lakini mimi si wao. Kijana akifika miaka kumi na minane kambini ndipo anaelewa jambo hili. Kabla ya hapo anafikiri karatasi ni mambo ya wazee.

Safari sitaieleza sana, mnajua wenyewe: Bweyale mpaka Kampala, Kampala mpaka Tororo, na usingizi wa kukaa. Nilijua nimefika nilipouona ule mwamba wa Tororo umesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa na wenzake. Kutoka mjini mpaka Paya nikachukua boda. Hili neno "boda boda" lenyewe limezaliwa huku huku, pale Busia, enzi za baiskeli zilizokuwa zikibeba watu na mizigo kutoka mpaka mpaka mpaka. Siku hizi ni pikipiki, na nyingi ni Bajaj, kampuni ya India ya mji wa Pune. Kijana aliyenibeba alikuwa na picha ya mungu wa Kihindi kwenye tangi la mafuta. Nikamuuliza ni nani huyo, akasema ilikuja na pikipiki. Tulipofika akasalimia watu "Yoga!" na mimi nikaanza kucheka, nikadhani bado ni mambo ya India. Kumbe ndiyo salamu ya Wajapadhola. Wakanicheka na mimi.

Mfuko ulikuwepo. Mama wa Paya aliutoa ndani ya chungu kilichofunikwa kwa sahani, akanikabidhi kwa mikono miwili, mbele ya wafiwa. Panya alikuwa amekula kona moja ya barua ya ploti, lakini hakufika kwenye namba. Niliinusa ile nailoni, ina harufu ya moshi na wimbi. Sikulia, ingawa watu walidhani ninamlilia mzee.

Usiku, tukiwa tumekaa nje na wafiwa, mazungumzo yakaenda kwenye watu na mali zao, kama yanavyoendaga matangani. Nikasema ninakwenda Tororo kesho kupiga kopi, kuna duka la Mhindi lenye mashine. Mama wa Paya akasema, "Wahindi. Sisi hapa tuliwaona wakienda." Alikuwa msichana mdogo mwaka 1972.

Ndugu msomaji, sikujua jambo hili na labda nawe hulijui. Idi Amin alipoamua kuwafukuza Waasia wa Uganda, mahali alipolisema kwanza palikuwa hapo hapo Tororo, mbele ya wanajeshi kambini, tarehe 4 Agosti 1972. Alisema Mungu amemuonyesha katika ndoto. Wakapewa siku tisini. Kufika tarehe 8 Novemba wawe wameondoka, na kila familia ibebe pesa kama pauni 50 tu. Waliondoka zaidi ya watu 50,000, wengi wao wamezaliwa hapa na hawajawahi kuiona India hata siku moja.

"Watu walifurahi?" nikauliza.

"Walifurahi, mwanangu. Nisikudanganye." Akaeleza kwamba Mwafrika alikuwa akiuza pamba yake kwa Mhindi na kununua chumvi kwa Mhindi huyo huyo, na bei zote mbili Mhindi ndiye aliyezijua. Serikali ya Waingereza ndiyo iliyopanga watu kama ngazi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Ukikaa chini ya ngazi unamwona yule aliye karibu na kichwa chako. Mzungu yuko mbali, humwoni.

Lakini furaha haikuchukua muda. Maduka walipewa wanajeshi na marafiki zao, wale watu waliwaita "mafuta mingi". Wakauza kilichokuwa kwenye rafu, na rafu zilipoisha hawakujua mzigo unaagizwa wapi. Sukari ikapotea, sabuni ikapotea, chumvi ikawa kama dawa. Ndipo magendo yakaanza. Kahawa ya Uganda ikavushwa usiku kwenda Kenya, sabuni na chumvi zikarudi. Mama wa Paya alisema yeye mwenyewe aliwahi kutembea mpaka Busia na kurudi na vipande viwili vya sabuni amevifunga tumboni kama mtoto.

Asubuhi nikaenda Tororo. Mkipita barabara ya maduka ya zamani mtaona nyumba zenye varanda na nguzo, na juu kabisa, kwenye saruji, majina na miaka ya kabla ya uhuru. Majina mengine yamepakwa rangi mara nyingi hata hayasomeki, lakini ukisimama upande wa jua, herufi zinatokea. Katika duka moja la namna hiyo kulikuwa na mashine ya kopi, kijana anaiendesha, na nyuma ya kaunta mama mzee wa Kihindi amekaa kwenye kiti cha plastiki na shali mabegani. Jina lake nililiuliza lakini hapa silitaji, kwa sababu hakunituma nimwandike.

Nilipofungua barua ya ploti aliinuka. "Usikunje hapo," akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu. "Itakatika. Ya shamba?"

Nikasema ya ploti, Kenya, tulikimbia mwaka 2008. Akamwambia kijana asitoze kopi ile. Halafu akasogeza kiti kingine na miguu yake, akasema, "Kaa."

Nitawaeleza alivyonieleza, kwa kifupi, ingawa yeye hakufupisha.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake alikuwa na pasipoti ya India, kwa hivyo hakukuwa na mjadala. Baba yake mdogo alikuwa amechukua uraia wa Uganda baada ya uhuru, akaona yeye yuko salama. Alipokwenda kupanga foleni ya kuhakikiwa, yule wa dirishani akasema karatasi zake hazikutimia, akazikataa. Asubuhi alikuwa Mganda, mchana hakuwa wa nchi yoyote. Watu kama hao Umoja wa Mataifa ndio uliowachukua, wakapelekwa kwenye makambi Austria, Italia, Malta na kwingineko, mpaka nchi fulani iwakubali. Aliyekuwa mkuu wa shirika la wakimbizi, UNHCR, wakati ule ni Sadruddin Aga Khan. Kwa hivyo wapenzi wasomaji, kadi hizi tulizo nazo, Wahindi wa Uganda pia wamezishika.

Yeye na wazazi wake walipanda gari moshi la kwenda Mombasa. Reli inapita Tororo, mnajua, halafu Malaba. "Tulipita hapa nyuma ya duka letu," akasema, akionyesha kwa kidole ukutani. "Baba alifunga dirisha ili tusione." Kutoka Mombasa meli, mpaka Bombay, ambayo leo ni Mumbai, halafu mpaka kwa ndugu wa baba katika mji wa Rajkot, jimbo la Gujarat.

Hapo nikakumbuka maswali ya wamama. Nikamwuliza maisha ya mjini India yalikuwaje. Akacheka. Chumba kimoja, watu tisa. Maji ya bomba saa moja asubuhi na saa moja jioni, na ndoo zinapangwa usiku. Sukari na mafuta ya taa kwa kadi ya mgao, na jina lako lisipokuwa kwenye kadi huli. Ndugu waliwapokea vizuri mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu wakaanza kuhesabu chapati. Shuleni watoto walimcheka kwa sababu Kigujarati chake kilikuwa kimejaa maneno ya huku: alisema "sufuria", alisema "fagio", alisema "machungwa", na hakujua kwamba hayo si Kigujarati. Wakamwita Mwafrika. "Hapa niliitwa Mhindi," akasema, "kule nikaitwa Mwafrika. Jina langu lilipumzika."

(Na sisi, je? Neno "gari" limetoka kwao. "Chapati" limetoka kwao. "Bima" na "laki" vile vile. Darasa la tano wakija Jumatatu nitawauliza, wazazi msiwape majibu.)

Mumewe, alisema, alingoja miaka mingi kupata skuta ya Bajaj, kwa sababu siku hizo India uliandikisha jina na kungoja zamu mpaka nywele ziote mvi. Leo vijana wa Tororo wanapewa pikipiki ya kampuni ile ile kwa mkopo na kulipa kila wiki. Jambo hili lilimchekesha sana, akalirudia mara mbili.

Baba yake hakurudi. Alifia Rajkot. Lakini hati ya duka aliihifadhi miaka yote ndani ya sari ya mkewe, chini ya sanduku. Uganda ilipitisha sheria ya kurudisha mali hizo mwaka 1982, na miaka ya mwanzo ya 1990 ndipo kazi yenyewe ikashika kasi, wakati Rais Museveni alipowaita Waasia warudi. Yeye na kaka yake walikuja mwaka 1994 na ile hati. Duka wakalipata. Nyumba ya kuishi hawakuipata mpaka leo, kwa sababu hati ya nyumba ilibaki kwenye kabati la ofisi iliyochomwa.

"Kulikuwa na nani dukani?" nikamwuliza.

Fundi wa kushona, akasema. Mtu mzuri. Bodi ya serikali ilikuwa imempangisha toka zamani, amezaa watoto wanne chumba cha nyuma, na amepanda mpapai uani. Hakumwibia mtu. Alilipa kodi yake.

"Sasa ulifanyaje?"

"Nilimpa miezi mitatu."

Nilihesabu kimya kimya. Naye nafikiri alinisikia nikihesabu, kwa sababu alinyamaza, akaanza kunyoosha shali yake. Mashine ya kopi ndiyo iliyoendelea kuongea. Baadaye akasema, si kwangu hasa, "Kaka yangu alitaka mwezi mmoja. Mimi ndiye niliyesema mitatu." Mpapai anasema uliendelea kuzaa mpaka walipoukata kujenga stoo.

Nilitaka kumchukia kidogo, nikashindwa. Nilitaka pia kumwonea huruma yote niliyo nayo, hiyo nayo nikashindwa. Nikachukua kopi zangu, nikashukuru. Akanipa bahasha ya plastiki ya bure na kuniambia nisiweke karatasi karibu na jiko.

Usiku ule Paya sikulala. Nilikuwa na bando kidogo kwenye simu, nikasoma. Nikakuta kwamba India yenyewe ni nchi iliyojaa watu kama sisi. Ilipogawanywa na Pakistan mwaka 1947, watu zaidi ya milioni kumi walihama upande huu na ule. Mji wa Delhi peke yake ulipokea wakimbizi karibu nusu milioni, wakalala kwenye mahema, kwenye ngome ya zamani, hata kwenye bustani za makaburi ya wafalme. Baadaye serikali ikawagawia viwanja na vibanda. Kuna soko moja Delhi linaitwa Khan Market, lilianzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya wakimbizi wafanye biashara ndogo ndogo. Leo kodi ya duka pale ni kati ya zile za juu kabisa India nzima. Waliodai fidia ya mali walizoacha walitakiwa kuandika madai na kuonyesha walichokuwa nacho. Tena karatasi.

Halafu nikasoma ya karibuni. Katika jimbo la Assam, tarehe 31 Agosti 2019, ilitolewa orodha ya wananchi, na watu kama laki kumi na tisa, yaani milioni 1.9, hawakujiona ndani yake. Kila mtu alitakiwa kuonyesha kwamba yeye au wazazi wake walikuwa pale kabla ya usiku wa tarehe 24 Machi 1971. Fikiria mama wa kijijini, mto unafurika kila mwaka na kubeba nyumba, ataonyesha karatasi gani ya 1971? Mwisho wa mwaka ule ule ikapitishwa sheria ya uraia iliyowafungulia mlango wakimbizi wa dini kadhaa kutoka nchi tatu za jirani, Waislamu hawakutajwa. Wanawake wa mtaa wa Shaheen Bagh, Delhi, wakakaa barabarani usiku na mchana, baridi ya Desemba, mabibi wa miaka themanini na blanketi zao, mpaka Machi 2020 korona ilipowaondoa. Hao ndio akina mama wa India ninaotaka wamama wa bloku yetu wawajue. Hakuna hata mmoja niliyemwona na dhahabu ya ukoo.

Tena kuna habari ambayo wengi wenu mmeisikia redioni. Profesa Mahmood Mamdani alizaliwa Bombay akakulia Kampala. Mwaka 1972 akafukuzwa pamoja na wengine, akaishi katika kambi London, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya maisha yale. Akarudi Uganda. Miaka ya themanini serikali ya Obote ikamnyang'anya uraia tena. Akarudi tena! Mtoto wake Zohran amezaliwa Kampala mwaka 1991, na Novemba 2025 watu wa New York wamemchagua kuwa meya wao. Darasani kwangu habari hii ilileta kelele mpaka mwalimu wa pili akaja kuchungulia. Mtoto mmoja akauliza, "Kwa hivyo mkimbizi anaweza kuwa meya?" Nikamjibu kwamba yule ni mtoto wa aliyekuwa mkimbizi. Akafikiri, akasema, "Basi mtoto wangu." Sikuwa na la kuongeza.

Kabla ya kurudi nilipita Busia. Sikuwa na sababu, nilitaka tu kuona. Tangu mwaka 2018 kuna kituo cha pamoja cha mpakani, jengo kubwa, malori yamepanga foleni mpaka huko nyuma. Nikasimama upande wa Uganda na bahasha yangu kifuani. Ng'ambo ile ndiyo nchi ambayo mwaka 2017 iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Nchi hiyo hiyo, miaka kumi kabla, maduka ya Wahindi wa Kisumu yalivunjwa na kuchomwa wiki zile zile ambazo sisi tulichomewa yetu Turbo. Na huku tuliko, Aprili 2007, maandamano ya kutetea msitu wa Mabira usipewe kampuni ya sukari yaligeuka, na mpita njia wa Kihindi akapigwa mawe mpaka kufa mjini Kampala. Dai lilikuwa la haki. Yule mtu hakuwa msitu wala sukari. Ninaandika hivi kwa sababu hata hapa kambini, siku mgao unapochelewa, nimesikia maneno juu ya watu wa bloku nyingine ambayo siwezi kuyachapisha.

Sikuvuka. Kijana mmoja wa boda aliniambia ni dakika tano tu, watu wanapita. Labda mwezi wa nne nitavuka kwa utaratibu, na karatasi zangu, niulize habari ya cheti cha kuzaliwa. Labda watanipa, labda wa dirishani atasema hazikutimia.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anachambua maharagwe. Nikamwekea bahasha mapajani. Hakuifungua haraka. Alifuta mikono, akatoa kitambulisho cha baba, akakiangalia, akakirudisha. Halafu barua ya ploti. Akapitisha kidole pale panya alipokula.

Tunajua kuna watu kwenye ile ploti. Jirani wa zamani aliwahi kutupigia simu: wamejenga nyumba ya mabati, wamepanda mahindi, walikuja wakati ule ule wa vurugu, nao walikuwa wamefukuzwa mahali pengine. Miaka yote hii mama alikuwa akiwaita "wale". Nikamweleza habari ya yule mama wa Tororo, ya fundi wa kushona, ya miezi mitatu. Nikamwuliza, "Mama, ukirudishiwa ploti, wale utawapa siku ngapi?"

Akaendelea na maharagwe. Mbovu kushoto, nzuri kulia. Nilidhani hajasikia, au hataki. Jua lilikuwa linazama nyuma ya Panyadoli wakati aliposema, "Wana watoto wa shule?"

Nikasema sijui.

"Basi uliza hilo kwanza, ndipo uniulize siku."

Sasa tangazo langu dogo. Nimezungumza na wenzangu wa shuleni. Kila Jumamosi alasiri nitakuwa darasa la tano na simu yangu, na mtu yeyote mwenye karatasi ya zamani, ya Kenya, ya Sudan Kusini, ya Kongo, ya popote, aje tuipige picha na kumwandikia kwenye daftari ni karatasi gani na ya mwaka gani. Hatuchukui karatasi ya mtu, unarudi nayo. Asiye na karatasi pia aje, tutaandika anachokumbuka: jina la chifu, jina la mto, jirani wa kulia na wa kushoto, mti uliokuwa uani. Leteni nailoni kavu. Wazee waje kwanza, vijana wabebe viti.

Wamama wa bloku, ya mama mkwe na dhahabu sijayasahau. Mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu wa darasa la tano